Mjusi wa Onduparaka

Somo: Mithali 30:24-28



Tulipolala Onduparaka kwa semina ya wazee wa kanisa, tuliamka mapema tukakaa nje kungoja chai. Juu ya jiwe kulikuwa na mjusi mwenye rangi ya vumbi, hasogei. Mtoto akaokota kokoto ampige, akisema huyu amekwisha kufa. Mzee mwenyeji wetu akamzuia: "Ngoja jua, mwanangu."

Tukangoja, maana chai nayo ilichelewa. Kufika saa nne kichwa chake kilikuwa na rangi ya mawese, mwili wa buluu, naye akiinua kifua na kukishusha kuwaonya madume wengine wasiingie kwake. Majike wa kahawia walikuwa kando wakiokota sisimizi. Usiku, au akipatwa na baridi au hofu, rangi humtoka dume huyu. Si kwamba ni mgonjwa, wala si mjusi mwingine. Ni yule yule.

Aguri anamhesabu mjusi kati ya wadogo wanne wenye akili: mkono unatosha kumkamata, lakini anaonekana hata katika nyumba za wafalme. (Biblia ya zamani ya Kiingereza inasema buibui. Ya kwetu inasema mjusi.)

Mzee yule alitueleza kwamba Amin alipoangushwa mwaka 1979, watu wengi wa West Nile walikimbilia Sudan na Zaire. Yeye alifika kwetu Zaire akiwa mgongoni mwa mama yake. Alisema huko mama yake, aliyekuwa mwimbaji, alinyamaza miaka mingi, na watu wakadhani ni bubu.

Hapo tukatazamana. Wote tulimkumbuka mama mmoja mjane wa kanisa letu. Tangu mgao wa chakula ulipoanza kutolewa kwa makundi mwaka 2023, sehemu yake ilipungua, akauza kitenge chake cha ibada, akaacha kuja. Sisi wazee tuliandika daftarini kwamba amepoa katika imani. Hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kumuuliza. Tuliokota kokoto kama yule mtoto, ila sisi tuliirusha.

Tumekwisha kumwomba Mungu msamaha. Yeye bado hatujamwomba. Alhamisi saa nne tutakwenda kwake na mama wa kwaya. Daftari litabaki kanisani.