Twajua Kuzika, Je, Twajua Kuuguza?



 

Enyi ndugu zetu, liko jambo moja ambalo watu wa mji wetu huu wa Mombasa hawana mshindani, nalo ni kuzika. Mtu akifa usiku wa manane katika Mji wa Kale, kabla ya alfajiri habari imekwisha fika Kisauni, Likoni na Changamwe. Sanda yanunuliwa, maji ya kuoshea yatekwa, jeneza latolewa msikitini, wachimba kaburi wamekwisha tangulia Kikowani, na ikiadhiniwa adhuhuri safu zimejaa mpaka nje. Hakuna aulizaye gharama hizi ni juu ya nani. Maskini na tajiri huzikwa kwa heshima moja. Hili ni jema, nasi twamshukuru Mwenyezi Mungu kwalo.

Lakini twauliza: yule maiti tuliyemchukua mabegani jana, mwezi uliopita alikuwa wapi, na nani aliyekuwa naye?

Katika mtaa wetu alikuwako fundi wa charahani, ambaye jina lake hatutalitaja. Maradhi ya sukari yalimharibu figo, ikawa hana budi kusafishwa damu kwa mashine mara mbili kila wiki. Aliyeyaona maradhi haya ajua kwamba mgonjwa hawezi kuahirisha zamu yake. Akikosa moja maji humjaa mwilini, na akikosa ya pili pumzi humpaa. Mkewe alikuwa akimpeleka asubuhi kwa tuktuk na kumrudisha jioni. Siku bima yake ilipokatika kwa kuwa mchango haukulipwa, mwanamke huyu aliwaendea jamaa wawili watatu, na kila mmoja alimwambia, “Inshallah, Mungu atamfanyia wepesi.” Sisi tulikuwa tukimwona fundi msikitini mpaka miguu ilipokataa, kisha hatukumwona tena, wala hatukuuliza. Tuandikao maneno haya tu miongoni mwa wasiouliza. Alipokufa, bahasha ilipitishwa baada ya sala, na zilizopatikana zilitosha mazishi yote zikabaki. Mjane alipokabidhiwa baki yake alizihesabu kimya, kisha akasema kwamba fedha hizi zingalimlipia mumewe bima ya mwaka mzima na zaidi. Hakusema kwa hasira.

Katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim tumeelezwa kwamba Mwenyezi Mungu siku ya Kiyama atamwuliza mwanadamu kwa nini hakumzuru alipokuwa mgonjwa. Mja atastaajabu, vipi Mola wa viumbe augue? Naye ataambiwa kwamba mja fulani aliugua, na lau angalimzuru angalimkuta Mola wake kwake. Na katika hadithi ya haki za Mwislamu juu ya Mwislamu mwenzake, kumzuru mgonjwa na kufuata jeneza vimetajwa pamoja, mahali pamoja. Basi nani aliyetupa ruhusa ya kuishika moja na kuiacha ya pili? Imam Bukhari katika Sahihi yake ameufungua mlango mzima kwa jina la uwajibu wa kumzuru mgonjwa. Hakuuita uzuri wake, wala ubora wake.

Tena kumzuru si kukaa ukingoni mwa kitanda dakika kumi na mfuko wa machungwa, kisha kuaga. Sa‘d bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Handaki, Mtume (S.A.W.) alimpigia hema ndani ya msikiti ili awe karibu naye amtazame. Na sira yamtaja Bibi Rufaida, mwanamke wa kabila la Aslam, kuwa ndiye aliyekuwa akiwatibu majeruhi. Mgonjwa aliletwa msikitini, tena akapatiwa mwuguzi. Katika misikiti yetu mna jeneza, na chombo cha kuoshea maiti, na daftari la michango ya makaburi. Kiti cha magurudumu cha kuazimwa na mwenye mzee aliyepooza, katika misikiti tuijuayo sisi, hatukukiona.

Hapa wako watakaosema: haya ni ya serikali, nasi twalipa kodi. Wasema kweli nusu yake, nasi hatutaki nusu hiyo ipotee. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu chake cha 43, imempa kila mtu haki ya afya ya kiwango cha juu kinachowezekana, na imekataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Tangu mwaka 2013 zahanati, vituo vya afya, hospitali za kaunti na magari ya wagonjwa vimekuwa mikononi mwa serikali za kaunti, na serikali kuu imebakiwa na sera na hospitali za rufaa za taifa. Kwa hivyo dawa ikikosekana katika zahanati ya mtaani, haifai kukaa barazani tukailaani Nairobi. Aulizwe mwakilishi wa wadi, mwenye kuishi hapa hapa na kuja kutuomba kura hapa hapa. Bajeti ya kaunti hupitishwa kila mwaka kabla ya mwezi wa Juni kwisha, na sheria yataka wananchi wasikizwe kwanza. Ni wangapi katika sisi waliowahi kuhudhuria kikao hicho? Tukiitwa kusikiza siasa twajaa. Tukiitwa kuuliza bei ya dawa na idadi ya wauguzi, twasema tuna shughuli.

Aliyekaa katika benchi la hospitali tangu alfajiri ajua yaliyopo: apimwa, aandikiwa, afika dirishani, aambiwa akanunue nje. Naye hana cha kununulia. Pia tumeonja migomo. Madaktari wa serikali waliacha kazi siku 100, kuanzia Desemba 2016 mpaka Machi 2017; tena wakaacha siku 56 katika mwaka 2024, kuanzia Machi mpaka Mei, wakidai mkataba uliotiwa saini mwaka ule ule wa 2017. Hatumlaumu mtu adaiye ahadi aliyopewa, kwani kutimiza ahadi ni amri katika dini yetu. Lakini tajiri katika siku hizo alikwenda hospitali ya kulipia, na maskini alibaki nyumbani kwake.

Sasa lazima tuseme juu ya bima, kwa kuwa watu wengi wanaumia kwa kutojua. Ile NHIF iliyoanzishwa mwaka 1966 imeondoka, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mahali pake pamechukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, iitwayo SHA. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Mvuvi, mchuuzi, fundi na mama wa mahamri hukadiriwa kwa hali ya nyumba zao. Kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, na sheria yamtaka mtu alipe ya mwaka kwa pamoja. Kujiandikisha peke yake kwatosha kutibiwa katika zahanati na kituo cha afya; ama hospitali kubwa, kulazwa na kupasuliwa, huko hutazamwa kama mchango umelipwa. Hapa ndipo watu wanapojikwaa, kwani wamejiandikisha, wakaona wamemaliza.

Na liko jingine zito zaidi. Mchango wa mume humchukua yeye, mkewe na watoto wao. Haumchukui mama yake mzazi. Mama ahesabiwa kuwa nyumba yake mwenyewe, na asipoandikishwa na kulipiwa kwa jina lake, siku atakapoanguka mwanawe atashika kadi yake mkononi nayo isimfae kitu. Tazameni basi katika nyumba zenu, leo, si kesho. Mzee aliyefikia miaka 70 asaidiwe pia kuandikishwa katika Inua Jamii apate zile shilingi 2,000 za mwezi. Ni chache, lakini ni haki yake, na wengi wao hawawezi kupanda ngazi za ofisi wala hawajui waanzie wapi.

Wamo wasemao bima ni haramu, kwa hivyo hawajiandikishi. Twawaheshimu kwa kuogopa haramu. Lakini Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Jiddah lilipolitazama jambo hili mwaka 1985 lilikataza bima ya biashara na likaruhusu ile ya kusaidiana. Na mchango unaolazimishwa na serikali, wala haumtafutii mtu faida, hauko mbali na hiyo ya pili. Asiyetosheka na maneno yetu na amwulize mwanachuoni amwaminiye, ila asimwache mamake akiugua wakati yeye angali anatafuta fatwa. Na wako wale wenzetu wengine wasemao kwamba kombe na dua vyatosha. Dua ni silaha ya Mwislamu, lakini Mtume (S.A.W.) ambaye dua yake haikuwa na pazia ndiye aliyeamrisha watu wajitibu.

Fedha zitatoka wapi? Hatutaki leo kuingia katika mjadala wa hitima na pilau za arubaini; maneno yake yanajulikana na kila mmoja ana upande wake. Twasema hili tu: zaka imewekewa mafungu manane katika Suratut Tawba, na mawili ya kwanza ni mafakiri na maskini, na mwenye kudaiwa ana fungu lake humo. Fakiri mwenye deni la hospitali ameingia kwa milango miwili. Ama wakfu, mji huu umejaa maduka na nyumba zilizowakifiwa na wazee wetu, Mungu awarehemu, na aghalabu yake ni kwa misikiti na makaburi na jamaa zao. Hatusemi masharti yao yabadilishwe, kwani sharti la mwenye kuwakifu huheshimiwa. Twasema wenye mali wa leo na wawakifie wagonjwa. Sultan Qalawun wa Misri alijenga hospitali yake mjini Cairo mwaka 1284, akaiwekea wakfu wa mali nyingi, akashurutisha waingie humo matajiri na maskini, wanaume na wanawake. Kodi ya duka moja la Barabara ya Biashara, ikiwekwa kwa nia hiyo, ingeondoa dhiki za nyumba nyingi.

Na kuuguza huanza kabla ya ugonjwa. Mwishoni mwa mwaka 2017 na kuingia 2018 mji ulipigwa na homa ya chikungunya, watu wazima wakawa hawawezi kufunga vifungo vya kanzu zao kwa maumivu ya viungo. Mbu aletaye homa hiyo huuma mchana, na huzaa katika maji safi yaliyotulia: mapipa na madumu tuyawekayo uani kwa sababu mifereji hukauka siku kwa siku. Maji ya mji ni deni la wakuu, nalo walidaiwe. Lakini kufunika pipa ni juu ya mwenye pipa, na amri ya kufunika vyombo na kufunga viriba imo katika Sahihi Muslim, kwa riwaya ya Jabir, kabla ya daktari yeyote kumjua mbu huyo.

Tumebakisha jambo ambalo latuonea haya wanaume. Ingieni nyumba yenye mgonjwa wa kiharusi. Ni nani amwoshaye, amgeuzaye ubavu asitoke vidonda, amlishaye kijiko kwa kijiko, akeshaye naye? Ni binti, au mke wa mwana, au mjukuu aliyetolewa skuli. Yeye hana zamu, hana siku ya mapumziko, wala hakufundishwa. Mgongo wake waharibika kwa kumnyanyua mzee, na hakuna aliyemwonyesha namna ya kumnyanyua. Sisi twaingia, twasalimia, twasoma Fatiha, twamwambia kwamba ana thawabu nyingi. Thawabu anazo, alilohitaji ni mtu wa kumpokea saa mbili akalale. Wengine hata hali hiyo yafichwa, na hasa penye kijana aliyeharibiwa na unga: afungiwa chumbani kwa aibu, hali Malindi na Kisauni pamefunguliwa, tangu mwaka 2015, mahali pa kuwatibu vijana hao kwa dawa ya methadone. Jirani ajua, naye hasemi.

Kwa hivyo darasa letu limekubaliana kuanza na mtaa wetu wenyewe. Tumenunua daftari. Katika ukurasa wa kushoto yaandikwa majina ya wagonjwa na wazee wasiotoka, kwa ruhusa ya watu wao, na tarehe ambayo mchango wa bima wa kila mmoja utakwisha. Wenye simu na wajuao kujaza fomu wamejitolea kuandikisha watu baada ya sala ya Isha, siku ya Jumatatu na ya Alhamisi. Mwuguzi mstaafu, bibi wa makamo, amekubali kuwafundisha wanawake majumbani namna ya kumgeuza na kumwosha mgonjwa. Mwenye kutaka na amtume mtoto kwa katibu. Wanaume wa kutoa damu nao waandikwa, na tungependa waende kabla ya Ramadhani kuingia.

Ukurasa wa kulia ni wa majina ya watakaozuru, wawili wawili kwa wiki. Mpaka tulipokuwa tukiandika haya, ukurasa wa kushoto ulikuwa umejaa, na wa kulia una nafasi.