Hasira za Eastleigh

Jumapili, tarehe 18 Novemba 2012, matatu ililipuliwa mtaani Eastleigh, Nairobi, na watu kadhaa wakapoteza maisha. Kesho yake vijana wenye uchungu waliokota mawe. Hawakujua nani aliyetega bomu, ila walijua majirani zao Wasomali wanakoishi. Nyumba zilivunjwa milango, maduka yakaporwa, polisi wakarusha vitoa machozi. Mwenye duka la vitambaa, ambaye naye hupanda matatu zizo hizo, akageuzwa gaidi kwa sababu ya sura na jina lake.

Aliyetega bomu lile hakupatwa na jiwe hata moja. Tena alinufaika. Kundi la kigaidi la Al-Shabaab huwaambia vijana Waislamu kwamba Kenya haiwataki, na siku ile mtaa mzima uliwapa magaidi hao ushahidi wa bure.

Serikali nayo haikujifunza. Watu 67 walipouawa katika jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, na mashambulizi mengine yakafuata, ilianzisha msako wa Usalama Watch Aprili 2014. Maelfu walizolewa, wengi wakafungiwa uwanja wa Kasarani, wakiwemo wenye vitambulisho halali na kina mama wenye watoto. Mauaji hayakukoma. Tarehe 22 Novemba mwaka huo basi lililotoka Mandera lilisimamishwa, wasio Waislamu wakatengwa, watu 28 wakauawa.

Je, tunyamaze? Hata kidogo! Siku tatu baadaye Wakenya waliandamana hadi Harambee Avenue, mikono mitupu, wakaketi nje ya ofisi ya Rais wakisema wamechoka. Walidai wakuu wa usalama wawajibike. Hasira yao haikuwa ndogo kuliko ile ya Eastleigh, ila iliwaelekea wenye dhamana. Walipigwa vitoa machozi. Tarehe 2 Desemba, wachimba mawe 36 walipouawa huko huko Mandera, waziri wa usalama wa ndani Joseph ole Lenku aliondolewa na Inspekta Jenerali wa polisi David Kimaiyo akang'atuka. Sidai kwamba maandamano pekee ndiyo yaliyowaondoa. Nasema hayakuacha mjane mwingine.

Kisha ikaja tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak. Wenye bunduki walisimamisha basi lililokuwa likielekea Mandera, wakaamuru Wakristo watengwe. Wanawake Waislamu walikuwa wameshawafunika wenzao Wakristo kwa mitandio. Abiria Waislamu wakagoma: tuueni sote au mtuache sote. Huo ndio ukaidi usio na silaha ninaouheshimu kuliko wowote, kwani walioufanya walikuwa wameahidiwa usalama wao kama wangekubali tu kusogea kando. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi kwa kukataa, akafariki Januari 2016. Wengine wawili waliuawa katika shambulio hilo. Abiria waliobaki, wa dini zote mbili, walinusurika.