Amana ya Fundi wa Vikokotoo

Kila tarakimu katika kioo cha kikokotoo huundwa kwa mistari saba. Nane huitumia yote. Nyinginezo hutumia baadhi tu. Mstari wa juu upande wa kulia ukifa, nane huonekana sita, na tisa huonekana tano. Ule wa kati ukifa, nane huwa sifuri. Ndani, mashine imekokotoa sawasawa. Uso wake ndio uliosema lisilokuwa.

Hapo huzuka suala la maadili, nalo haliko mbali na riziki za watu. Katika Nyanda za Juu Kusini, toka masoko ya Mbeya hadi magulio ya Iringa, mkulima hulipwa kwa kilichosomeka kiooni. Ichukuliwe kwamba kilo 68 za maharage zanunuliwa kwa shilingi 1,200 kila kilo. Jawabu ni 81,600. Mstari mmoja ukiwa umekufa, kioo husoma 61,600, na shilingi 20,000 za mwenye jembe zimetoweka pasi na mtu kunyoosha mkono.

Ni nani mwenye kosa? Si mashine, kwani uongo huhitaji nia. Mnunuzi naye yamkini hajui. Anabaki fundi.

Mwaka 1972 Hewlett-Packard ilipotoa HP-35, bei yake ilikuwa dola 395. Leo muuza nyanya anacho kikokotoo chake. Chombo rahisi hutupwa upesi, na anayekithamini cha kale humpelekea fundi. Huyo hufungua skrubu, hukwangua ukoga ulioachwa na betri iliyovuja, hupaka ndimu ili tindikali yake iuvunje nguvu, kisha hukausha. Husafisha pia ukanda mwembamba wa mpira unaopitisha umeme baina ya bodi na kioo, maana uchafu wa ukanda huo huweza kuiua mistari.

Yaweza kusemwa kwamba fundi aliombwa kubadili betri tu, na lisilo katika mapatano halimhusu. Hoja hii ina uzito kwa asiyefungua. Aliyefungua ameona, na kuona huzaa wajibu. Tena jaribio lenyewe ni jepesi: kukijaza kioo kwa nane tupu. Kila nane ikitimia, amana imerudishwa salama.

Lililo gumu zaidi ni pale mwenye chombo anapoijua ila hiyo, akaagiza iachwe. Chombo ni mali yake, na fundi hana mamlaka ya kukizuia. Lakini mkono ni wa fundi, naye ana haki ya kuuzuia. Akikitengeneza betri na kuiacha ila, hawezi kusema kwamba alichopokea ni ujira wa betri peke yake. Kikokotoo kisingewaka bila yeye, na ujira wake umetoka katika zile shilingi 20,000.