Kusadikika Haiko Mbali na Kifungilo

Unasema huna la kusoma. Wewe, mtu wa Kifungilo, huna la kusoma?

Mwezi wa saba ukungu unashuka kutoka msitu wa Magamba, baridi inapenya mpaka kwenye mifupa, shamba limelowa, jembe limekaa. Na wewe umejikunyata jikoni na sweta mbili, simu mkononi, unatazama video za watu wanaocheka wenyewe kwa wenyewe. Saa mbili zimekwenda. Umepata nini?

Bando limeisha.

Basi.

Na wala huna kichwa kidogo! Si wewe uliyemuuliza mwalimu kama kuna watu kwenye nyota nyingine? Darasa likaangua kicheko, ukakaa chini, ukanyamaza. Kwa nini ulinyamaza? Nani alikwambia swali lile ni la kitoto?

Wapo waliouliza maswali kama lako wakakataa kunyamaza. Wakayaandikia vitabu vizima. Kwa Kiswahili. Tena wengine wametoka papa hapa.

Mchukue Shaaban Robert. Alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, Tanga, mkoa wako huuhuu. Chuo kikuu hakukiona. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, kisha akaajiriwa ukarani katika serikali ya mkoloni. Karani! Mtu wa mafaili na mihuri. Hakuwa na kompyuta, hakuwa na bando, wala hakungoja mtu amruhusu kuwaza. Mwaka 1951 ikatoka riwaya yake Kusadikika, na Kusadikika ni nchi inayoning'inia angani.

Umeisikia hiyo? Nchi nzima, ina mfalme, mawaziri na magereza, na haigusi ardhi!

Ndani yake kijana Karama amefikishwa mahakamani. Kosa lake? Ameanza kuwafundisha watu sheria. Mshtaki wake ni waziri Majivuno, na adhabu inayomngoja si ya mchezo. Karama halii, hapigi magoti. Anasimama na kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kwenda kutafuta mema ya nchi nyingine, hata mbinguni, hata ardhini. Kila mjumbe alihangaika, akarudi na maarifa. Na kila aliyerudi akatupwa gerezani. Wa kwanza gerezani. Wa pili gerezani. Unasoma huku damu inachemka, unataka kuingia mwenyewe mahakamani ukapige meza.

Mkoloni alikuwa bado ameketi kitini kitabu kile kilipotoka. Sasa niambie tena kwamba hadithi za ajabu ni za watoto.

Niambie!

Najua utakalosema. "Hazimo kwenye mtihani." Kwani kucheka kumo kwenye mtihani? "Sina hela." Azima. Mwombe mwalimu wa Kiswahili, ulizia maktaba ya shule, na siku ukishuka Tanga mjini ingia maktaba ya mkoa badala ya kuzurura stendi. "Vitabu hivyo ni vya Wazungu, Kiingereza chake kinanishinda." Hapo ndipo unaponikasirisha hasa. Nimekutajia Kizungu mimi?

Anza na Adili na Nduguze, ya huyohuyo Shaaban, ya mwaka 1952. Ni nyembamba, ukijikaza unaimaliza wikiendi moja. Kuna liwali mpole, anapendwa na mji mzima, lakini usiku anawachapa viboko manyani wawili. Kwa nini? Sikwambii. Fungua kitabu. Utakutana na majini, utakutana na mji uliogeuka mawe.

Kisha panda. Walenisi ya Katama Mkangi wa Kenya, ya 1995: Dzombo amehukumiwa kifo, na kifo chenyewe ni kurushwa angani ndani ya chombo. Hafi. Anatua kwenye nchi ambayo hukuwahi kuiwazia. Halafu Ziraili na Zirani ya William Mkufya, ya 1999, inayokupeleka mbinguni na kuzimu bila kukuomba radhi. Hiyo ni ngumu, nakuonya. Ikikushinda mara ya kwanza, rudi. Nani alikuahidi mteremko? Wewe unayepanda milima kila siku na mzigo wa karoti kichwani, leo unaogopa kurasa?

Na ukishasoma, andika.

Ndiyo, wewe.

Jules Verne, Mfaransa, alitoa riwaya mwaka 1863 kuhusu watu watatu wanaopaa kwa puto kutoka Zanzibar na kulivuka bara la Afrika kwa wiki tano. Zanzibar yenyewe hakuwahi kuikanyaga! Alisoma ramani na habari za wasafiri, akakaa, akaandika. Wewe ukisimama Irente unaiona nyika imetandazwa kule chini, bila puto. Kinyonga dume mwenye pembe mbili puani, macho yanayozunguka kila moja kivyake, anatembea kwenye ua wa nyumba yenu. Wageni wanapanda ndege kuja kumwona. Wewe unampita.

Na Mbegha je? Kigego aliyekimbia kwao Ngulu na mbwa wake wa kuwindia, akapanda milima hii, akagawa nyama, akaua simba, Washambaa wakamtawaza Vugha akaitwa Simba Mwene. Abdallah bin Hemedi aliyaandika hayo zamani katika Habari za Wakilindi. Bibi yako huenda anayajua kwa namna nyingine kabisa. Umemuuliza? Unangoja nini, mpaka asiwepo? Mpeleke Mbegha kwenye sayari nyingine na mbwa wake uone watakutana na simba gani. Nani atakuzuia?

Leo usiku. Si mwezi ujao, si baada ya mavuno, si ukipata simu mpya. Daftari lile lililobaki nusu linatosha. Kitabu cha kwanza kiazime kesho kabla ya saa nne asubuhi, kwa sababu keshokutwa nitakuuliza kwa nini yule liwali anawachapa manyani, na sitaki kusikia habari za baridi.