Mizani ya Maji

Kila niketipo ukingoni mwa mto Sosiani, hapa Eldoret, masika yakiwa yamekolea, hunijia fikra ya wahandisi wa migodi ya dhahabu, ambao hulundika mawe yaliyopondwa juu ya tandiko lisilopenyeka, wakayadondoshea maji yenye sianidi, kisha wakaketi kuandika hesabu: yaliyoingia, toa yaliyotoka, ndiyo yaliyobaki. Hesabu ya mtoto wa chuoni, utasema; lakini milimita 1 tu ya mvua juu ya hekta 1 ni lita 10,000, na mawe yenyewe hunywa kiasi kisichoonekana kwa macho, na jua nalo hutwaa fungu lake pasi na idhini. Je, Mola aliyeiweka mizani na kututaka tusiipunje, ametukalifisha kuijua mvua ya kesho? Hasha; ila naona ametukalifisha kuliachia bwawa linalopokea maji hayo nafasi kwa ajili ya hiyo ghaibu. Kwani maji hayo yakitoroka, huwafikia watu: mwaka 2009, huko North Mara nchini Tanzania, maji ya mgodi yalivuja hadi mto Tigithe, ambamo wanakijiji huchota maji na kunyweshea ng'ombe wao.