Jina ni Mali ya Nani?

Mali ya mtu hujulikana kwa matumizi yake. Mwenye shamba hulilima, na mwenye nguo huivaa. Jina peke yake limepinga desturi hii. Mtu hakujipa jina, wala hajiiti. Wengine humpa, na wengine hulitumia kuliko yeye. Basi ni haki kuuliza: jina ni mali ya nani?

Magharibi ya Ziwa Viktoria, tangu Bukoba hata Kimwani wilayani Muleba, jina la asili lilikuwa la mtoto mwenyewe. Halikurithiwa kama kibanja cha migomba. Kilichorithiwa ni ukoo pamoja na mwiko wake. Jina lilieleza kuzaliwa au hali ya nyumba. Pacha wa kiume waliitwa Ishengoma na Kato, wa kike Nyangoma na Nyakato. Mugisha ni baraka. Mutalemwa ni asiyeshindwa. Ndugu wa tumbo moja waliweza kuwa na majina yasiyofanana hata kidogo, na hapana aliyeutilia shaka undugu wao.

Daftari za shule, kanisa na serikali zilitaka jambo jingine. Jina la baba liliwekwa nyuma ya jina la mtoto, na katika nyumba nyingi likaganda hapo, likawapitia wajukuu. Ndivyo mtu asiyekuwa pacha awezavyo kuitwa Kato maisha yake yote. Jina limekuwa kama shahidi aliyeitwa katika kesi asiyoijua.

Jambo hili si la Kagera tu. Mwaka 1875 serikali ya Japani iliamuru kila raia awe na jina la ukoo. Tanaka maana yake ni katikati ya shamba la mpunga. Yamamoto ni chini ya mlima. Aliyehamia mjini zamani angali anaitwa kwa shamba. Tena sheria ya huko ilitaka mume na mke wawe na jina moja la ukoo, na Mahakama ya Juu iliithibitisha mwaka 2015 na 2021. Aghalabu aliyeacha jina lake alikuwa mke.

Yamkini mtu atasema kuwa jina ni alama tu, na alama yoyote yatosha. Namjibu kwa msiba. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyotoka Bukoba kwenda Mwanza, ilizama na mamia ya watu. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa katika orodha; wa daraja la tatu, wenye nauli ndogo, hawakuandikwa. Kila mmoja wao alikuwa na jina alilopewa kwa furaha nyumbani. Halikuwapotea wao, liliwapotea waliobaki, waliotaka kujua nani alipanda na nani hakupanda.

Kwa hiyo nasema jina ni amana. Mwenyewe hulichukua, wenziwe hulitunza. Daftari si adui, maana bila daftari mnyonge husahauliwa kwanza. Lakini yeye anayeandika ana deni mbili: asimwache mtu nje kwa sababu ya umaskini wake, wala asimvue mtu jina lake ili kurasa zipate kulingana. Nasi wazazi tuna deni la tatu, kumwambia mtoto maana ya jina analoitwa. Anayeitikia neno asilolijua amepewa sauti, hajapewa jina.