Kujitolea Si Kutolewa Kafara

Msafara uliotoka pwani kwenda Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, ulipomaliza kuivuka Mgunda Mkali, nyika kavu iliyotenga Ugogo na Unyamwezi, uliingia Tura. Hapo mpagazi wa Kinyamwezi alijua amefika kwao, akatua mzigo wake wa frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipita hapo mwaka 1857, na wengine wakafuata, wakiandika habari za wanyama, mimea na maziwa. Maarifa hayo yalisafiri mabegani mwa watu. Lakini mpagazi hakubeba bure. Alipatana ujira kabla ya kuondoka, akalipwa kwa kitambaa cha merikani au fedha, akadai posho njiani, na akipunjwa aliweka mzigo chini au alitoroka. Njia hiyohiyo ilipitisha pia watu waliofungwa minyororo, kwa hiyo tofauti kati ya anayefanya kazi kwa hiari na anayelazimishwa haikuwa fumbo kwa yeyote. Tofauti hiyo inafaa kukumbukwa leo, tunapojiuliza kama ni haki kumtumia kijana aliyesomea wanyamapori bila kumlipa.

Kijana anamaliza chuo cha Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963, au Chuo Kikuu cha Sokoine, kisha anaambiwa aanze kwa kujitolea. Alfajiri anaingia kwenye miombo na dira mkononi, anahesabu nyayo na vinyesi, anabadilisha betri za kamera zilizofungwa kwenye miti huku mbung'o wakimng'ata shingoni. Usiku anaingiza takwimu kwenye kompyuta. Gari limenunuliwa dizeli na dereva analipwa, lakini yeye hupewa uzoefu. Jambo hili si la kwetu tu. Mwaka 2015 Auriel Fournier na Alexander Bond walitoa hoja katika jarida la Wildlife Society Bulletin kwamba nafasi zisizo na malipo zinaidhuru sayansi yenyewe, kwa sababu zinawachuja watu kwa mifuko yao badala ya vipaji vyao. Mtoto wa mkulima anabaki nje hata kama anaujua msitu kuliko wote walioingia.

Swali hili lina mzizi wa kidini. Mtume Muhammad alifundisha kwamba mfanyakazi apewe ujira kabla jasho lake halijakauka, na waraka wa Yakobo unasema ujira uliozuiliwa na wenye mashamba unamlilia Mungu. Hakuna fundisho hapo linalokataza kutoa bure. Yote mawili yanamwagiza yule anayepokea kazi. Sadaka ni ya mtoaji, na haiwi sadaka mpaka awe na uwezo wa kutoitoa. Lugha yetu imelisema hili ndani ya neno lenyewe: katika kujitolea, mtoaji na kinachotolewa ni mtu mmoja. Mlango wa ajira ukifunguliwa tu kwa aliyekwisha kufanya kazi bure, mtoaji amekuwa mwingine, na kijana ametolewa kafara.

Watetezi wa utaratibu huu watasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ni kweli, na mwanafunzi aliye chini ya mwalimu, kwa muda uliopangwa, anapata elimu badala ya jasho lake. Lakini anayefanya kazi ya mwajiriwa mwaka mzima hainami kujifunza tena. Anaziba pengo la bajeti. Wengine watasema uhifadhi hauna fedha. Basi kazi ipunguzwe ilingane na fedha zilizopo, kama inavyofanywa dizeli inapopungua, maana hakuna anayekiomba kituo cha mafuta kijitolee. Wapo pia wanaohofia kwamba mshahara utaua mapenzi ya kazi. Gombe, hifadhi ya sokwe karibu na mwisho wa njia ileile ya Ujiji, inawajibu. Mtafiti wa sokwe Jane Goodall alifika huko Julai 1960 bila shahada wala mali, akaweza kubaki kwa sababu mwanasayansi Louis Leakey alimtafutia fedha. Mei 1975 waasi kutoka ng'ambo ya ziwa walipowateka wanafunzi wanne wa kigeni, watafiti wa nje waliondoka. Watanzania walioajiriwa, akiwemo Hilali Matama, waliendelea kuwafuata sokwe na kuandika kumbukumbu zao. Ujira haukuwapunguzia mapenzi, uliwawezesha kubaki.

Wazee wamesema mcheza kwao hutuzwa, lakini tazama nani alituzwa. Punda milia wengi wa Tanzania wana jina la kisayansi linalomkumbuka Richard Böhm, Mjerumani aliyekusanya wanyama Unyamwezi miaka ya 1880, si wapagazi waliobeba mizigo. Mpagazi hakupata jina, lakini ujira wake aliupata; kijana wa leo anakosa vyote viwili. Kabla ya kusema kwamba mtu anajitolea, tumpime kwa kipimo cha Tura: je, anaweza kuutua mzigo leo, akaondoka, na njia ya maisha yake isizibwe? Kama hawezi, tunadaiwa ujira wake.